Wakuu, mtu anayetaka kukukaba unamjuaje kabla hajakufikia?

Njia_Panda:

Habari za muda huu wakuu. Naomba mawazo ya wenye uzoefu maana hili jambo linaninyima usingizi.

Wiki 2 zilizopita nilikabwa. Natoka kazini, inakaribia saa tatu usiku, njia ninayopita kila siku, taa zinawaka na watu wanapita wapita. Mbele kulikuwa na vijana wawili wameegemea ukuta, nikawaona, nikajua ni watu tu wamesimama. Nilipobakiza kama hatua ishirini mmoja akajitoa pale akavuka upande wa pili wa barabara, akaanza kuja uelekeo wangu, akanipita. Sikumfuatilia. Yule aliyebaki akaniita kwa adabu kabisa, "samahani kaka, saa ngapi saa hizi?" Mi nikasimama, nikatoa simu, nikamtajia. Akauliza tena "ngapi?" kama hajasikia, huku anasogea. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni mwa jaketi na haukutoka muda wote. Na kitu ambacho mpaka leo nikifumba macho nakiona, wakati ananiuliza hakuwa ananiangalia mimi wala simu, alikuwa anaangalia nyuma ya bega langu.

Sekunde hiyohiyo roba ikaingia kutoka nyuma. Simu ikaenda, begi likaenda, shingo iliuma siku tano. Namshukuru Mungu nipo mzima.

Sasa kila mtu ananiambia "uwe makini". Makini na nini hasa? Nilikuwa nimewaona wale vijana kwa macho yangu kabla ya yote, sikuwa nimelewa, sikuwa na hedifoni. Kuna dalili ambazo mtu anaweza kujifunza kuziona, au ni bahati tu, siku yako ikifika imefika?

Mlangoni_Miaka11:

Pole sana kaka, na shukuru shingo imepona maana roba inaua watu.

Mi nimesimama milangoni kwenye kumbi za starehe miaka 11, nimeona ngumi zinaanza na nimeona watu wanaviziwa nje wakati wanatoka. Nakujibu kwa uhakika, siyo bahati. Na dalili zote ulizokuwa unazihitaji umeziandika mwenyewe hapo juu, ila wakati ule hakuna aliyewahi kukuambia kwamba zile ni dalili.

Ya kwanza, wale wawili walitengana baada ya kukuona. Watu wanaopiga stori hawaachani kwa sababu mpita njia anakuja. Ukiona kundi limetulia halafu wewe unatokea na ndo linavunjika, mmoja mbele mwingine anazunguka, hapo wanapanga nafasi. Hata kama hawakuangalii. Na hasa kama hawakuangalii, maana binadamu wa kawaida mtu akipita humtupia jicho halafu anaendelea na yake.

Ya pili ni swali. Saa ngapi, una kiberiti, hii barabara inatokea wapi. Swali lenyewe halina ubaya, watu wema huuliza kila siku. Angalia swali linakufanya ufanye nini. Lako lilikusimamisha, likakufanya utoe simu uishike mkononi ikiwa imewaka, likakuinamisha macho. Akapata vitu vitatu kwa sentensi moja, na kikubwa kuliko vyote akapata jibu kwamba wewe ni mtu unayesimama ukiitwa. Huo ni usaili kaka. Ukifaulu usaili wanaendelea, ukifeli wanasubiri mwingine.

Ya tatu kurudia swali ambalo limeshajibiwa. Hakuwa anasikiliza, alikuwa ananunua muda ili mwenzie afike.

Ya nne mkono. Mkono usioonekana na hautaki kuonekana, au mkono unaoshikashika kiunoni kila dakika kama unahakikisha kitu kipo, au ulionyooka umebanwa pajani hautembei na mwili wakati mwenzie unatembea. Uso unadanganya vizuri sana, nimeona watu wanatabasamu na kisu kipo. Mikono haidanganyi, kazi inafanywa na mikono.

Ya tano ndo ile unayoiona ukifumba macho. Mtu anayekuuliza kitu anakuangalia wewe. Akianza kuangalia kushoto, kulia, nyuma yako, anatafuta vitu viwili tu, shahidi au mwenzake. Ukishaona macho yanazunguka hivyo na yuko karibu yako, umebakiwa na muda mfupi sana.

tulia_nikueleze:

Asante @Mlangoni kwa kweli, hilo la swali linakufanya ufanye nini nimeliandika pembeni.

Niongezee upande wa kufuatwa maana sisi wanawake hilo ndo tunakutana nalo zaidi. Hisia ya kwamba unafuatwa inakuja mapema kuliko ushahidi, na tatizo letu tunaanza kubishana nayo, labda anaenda kwake, labda nimemhukumu bure, nikigeuka ataniona mjinga. Mimi niliacha kubishana nikaanza kupima. Unabadilisha kitu kimoja unaangalia na yeye kama anabadilisha. Vuka barabara. Punguza mwendo sana kama unasoma kibao. Simama mbele ya mlango wenye watu. Mtu anayeenda zake akikukuta umepunguza mwendo atakupita, hana sababu ya kupunguza na yeye. Akivuka ulipovuka, akapunguza ulipopunguza, basi. Mara moja inaweza kuwa bahati mbaya ila mara mbili usisubiri ya tatu.

Na ukitaka kumwangalia, mwangalie. Geuka mzima mzima, muone uso, mavazi, mikono, halafu endelea. Usiibie kwa jicho la pembeni. Mwaka juzi kuna mtu alinifuata tangu kituo cha basi, kona ya kwanza yupo, kona ya pili yupo, nikasimama nikageuka nikamtazama viatu mpaka kichwa bila kusema neno, alikuwa na raba nyeupe moja kamba imefunguka. Alijifanya anapokea simu. Simu ilikuwa haijawaka hata kioo. Akarudi alikotoka.

Kingine, kama unahisi unafuatwa usiende nyumbani kwako. Nenda palipo na watu na mwanga, hata kama ni kinyume na njia yako. Nyumbani unamwonyesha mlango.

Bin_Zuberi:

Pole kaka kwa yaliyokukuta. Ila jamani mi naomba niwe tofauti kidogo, mkiishi hivi mnavyosema si mtapata presha? Kila anayeuliza saa ni kibaka, kila aliyeweka mkono mfukoni ana kisu, kila anayetembea nyuma yako anakuvizia. Mimi ni mrefu, mweusi, navaa jaketi lenye kofia kwa sababu ya baridi, nishaona akina mama wanakumbatia pochi wakiniona na inaumiza sana kwa kweli. Na kuna watu wasio na hatia wamepigwa hadi kufa kwa sababu mtu mmoja alipiga kelele za mwizi kwa hisia tu.

kitabu_na_kahawa:

@Bin_Zuberi uko sahihi na ndo maana kinachoangaliwa ni tabia, siyo sura. Kofia siyo dalili. Umri siyo dalili, rangi siyo dalili, nguo chakavu siyo dalili, kibaka anaweza kuvaa tai. Kuongeza mwendo ulipoongeza, kujitenga na mwenzie ulipotokea, kuzuia njia wakati nafasi ipo, hizo ndo dalili, na wewe na jaketi lako huzifanyi.

Kuhusu presha, kuna Mmarekani mmoja aliyekuwa mwanajeshi wa wanamaji, Jeff Cooper, alifundisha hali za akili kwa rangi nne. Nyeupe hujui kinachoendelea, uko kwenye simu au kwenye mawazo. Njano umetulia lakini unajua nani yuko wapi. Chungwa kuna kitu mahususi kimekushtua na umeshaamua, akifanya hivi nitafanya vile. Nyekundu unatenda. Watu wengi wanadhani kuwa makini ni kuishi kwenye chungwa masaa yote, huko ndo kuna presha hiyo unayoisema. Njano haichoshi. Ndo hali ya dereva yeyote mzuri, anaangalia vioo huku anapiga stori, hatetemeki.

Na kaka Njia_Panda, kwenye tukio lako uliwaona ukiwa njano. Walipotengana ndo palikuwa pa kuingia chungwa. Hukuingia kwa sababu hukuwa na kitu cha kufananisha, sasa unacho.

Halafu kuna utafiti wa 1981, Betty Grayson na Morris Stein, walirekodi kwa siri video za watu wanatembea mtaani New York, wakawaonyesha wafungwa waliofungwa kwa kushambulia watu, wakawauliza nani rahisi kumvamia. Majibu yao yalikubaliana sana na wala hayakufuata tu jinsia au umri, kilichoonekana ni mwendo. Waliochaguliwa kuwa rahisi hatua zao zilikuwa ndefu kupita kiasi au fupi kupita kiasi, mwili na miguu haviendi pamoja, wananyanyua mguu badala ya kuutupa. Ambao hawakuchaguliwa mwili wote ulikuwa unakwenda kama kitu kimoja. Siyo kwamba utembee kibabe, kibabe nacho kinaita ugomvi wa aina nyingine. Tembea kama mtu anayejua anakokwenda, kichwa juu.

Njia_Panda:

Wakuu nashukuru sana, nimesoma kila neno. Kumbe nilikuwa najilaumu kwa kutokuona na kumbe niliona nikashindwa kusoma.

Maswali mawili. Moja, @Mlangoni umesema umeona ngumi zinaanza, je mtu anayetaka kukupiga tu kwa hasira ana dalili hizohizo? Mbili, nikishaona dalili ndo nifanye nini sasa, na kama nimekosea? Ningemfanyaje yule wa saa ngapi?

Mlangoni_Miaka11:

Hapana ni tofauti kabisa na ni vizuri umeuliza. Anayetaka mali yako anajificha. Anayetaka kukupiga anajitangaza. Kibaka ana adabu mpaka sekunde ya mwisho, mgomvi anapiga kelele.

Mgomvi wa hasira mwili wake unajaa adrenalini na yeye mwenyewe hajui kwamba anaonekana. Kifua kinapanuka, mikono inatanuka mbali na mwili, anakunyooshea kidole, anakuuliza swali moja mara kumi, "unaniangalia nini? unaniangalia nini?" Anavua kofia, anavua saa, anakabidhi koti. Taya linabana. Watu wanasema uso unapauka, kwenye giza na kwenye ngozi nyeusi hutauona vizuri, angalia pumzi, inatoka kifuani juu juu badala ya tumboni. Miguu pia, akiwa anaongea tu anasimama sambamba na wewe, akitaka kurusha mguu mmoja unarudi nyuma na bega linageuka.

Lakini nisikilizeni hapa kwa makini, kelele siyo hatari zaidi. Hatari ni pale kelele zinapokatika ghafla. Mtu alikuwa anatukana, anamwaga maneno, mara kimya. Maneno yanakuwa mafupi, "aha", "sawa", au hajibu kabisa, macho yanakupita kama hauko pale. Au anageuka kama anaondoka. Mimi jino langu hili la mbele siyo la kuzaliwa nalo. Kijana mmoja alikuwa ananitukana dakika tano nzima, akanyamaza, akajipangusa uso kwa kiganja kutoka paji la uso mpaka kidevuni, akageuka pembeni kama anaenda zake, mimi nikashusha mikono nikijua yameisha. Alikuwa anakusanya bega. Tangu siku hiyo mtu akijipangusa uso au akijishika shingo katikati ya ugomvi narudi hatua moja nyuma bila kufikiri, na nimeona imewaokoa wengi niliowafundisha.

Na jicho linaloruka kwenda kidevuni kwako na kurudi, anapima pa kupiga. Linaloruka kwenye pochi au simu, anapima cha kuchukua.

Swali la pili. Umbali kwanza, kila kitu kingine baadaye. Askari mmoja wa Salt Lake City huko Marekani, Dennis Tueller, mwaka 1983 aliandika baada ya kupima kwamba mtu mzima anakimbia futi 21, yaani kama mita 6 na nusu, kwa sekunde 1.5. Hesabu mwenyewe, ndani ya sekunde moja na nusu utakuwa umewaza nini. Sasa yule wako alikuwa umbali wa mkono.

Kwahiyo ningekuwa wewe, walipotengana tu navuka, au narudi nilikotoka, bila maelezo kwa mtu. Nikishindwa na akaniuliza saa, najibu huku natembea, "sina saa ndugu yangu", sitoi simu, nampita kwa mbali, simpi mgongo mpaka nimemaliza kumpita, na namtafuta yule wa pili kwa macho maana yupo. Akiendelea kunisogelea nainua mikono yote miwili kifuani, viganja vimefunguka vinamwangalia, kama mtu anayesema "taratibu", na nasema kwa sauti ya kusikika mbali, "Kaka, baki hapo hapo." Mikono hiyo kwa anayetazama inaonekana ya amani, na kwako iko tayari kulinda kichwa. Mtu mwema akiambiwa abaki hapo atasimama, pengine atakasirika, atakuona una kiburi. Asiye mwema atakuja tu huku anakutuliza, "aah kaka mbona unaogopa, nauliza tu." Akishasogea baada ya kuambiwa asisogee umeshapata jibu lako, kimbia palipo na watu huku unapiga kelele.

Kama umekosea? Umemnyima mtu saa. Ataipata kwa mwingine. Wengi waliokabwa niliozungumza nao walisema maneno yaleyale, niliona kitu hakiko sawa ila niliona aibu kuondoka. Aibu ndo iliyowasimamisha pale.

Na ikishafika silaha imetoka na huwezi kukimbia, toa. Simu, pochi, vyote. Usibishane, usimkazie macho ya kumkariri. Wengine hurusha pochi upande mmoja wakakimbilia mwingine, inafanya kazi kama kuna pa kukimbilia. Kitu kimoja tu usikubali kirahisi, kupelekwa sehemu nyingine, kuingizwa kwenye gari au uchochoroni. Akitaka mali anaichukua hapohapo, akikuhamisha anataka zaidi ya mali.

Bin_Zuberi:

Nimeelewa sasa, na naondoa niliyosema kuhusu presha. Na mimi nikiwa nyuma ya dada usiku barabara tupu kuanzia leo navuka mwenyewe upande wa pili, hainigharimu kitu.

siri_ya_moyo:

Nimesoma kimya kimya ila nimeshindwa kuondoka bila kuandika. Mimi niliziona dalili zote. Nilijua kabisa huyu ananivamia, nilijua dakika nzima kabla, na miguu haikutoka. Sauti haikutoka. Nilisimama kama nguzo na watu wakaja kuniuliza kwanini hukupiga kelele. Miaka mitatu najiuliza hilo swali.

Mlangoni_Miaka11:

Dada (au kaka, samahani), hukuchagua kuganda. Mwili ukipata hofu ya ghafla unapigana, unakimbia au unaganda, na uamuzi unafanyika kabla wewe hujaulizwa. Nimeona mabaunsa wenye misuli wanaganda. Masikio yanaziba, macho yanaona kitu kimoja kama bombani. Hakuna mwenye haki ya kukuuliza hilo swali, hata wewe mwenyewe. Kama bado linakurudia usiku, tafuta mtu wa ushauri nasaha uongee naye, mimi nilienda baada ya tukio moja pale mlangoni na ilinisaidia kuliko nilivyotegemea.

Kinachopunguza kuganda ni kuwa umeshaamua mapema. Sentensi moja uliyoisema kwa sauti nyumbani mara hamsini, "baki hapo hapo", inatoka yenyewe. Usiyowahi kuisema haitoki. Na ukiomba msaada usiuombe umati, umati kila mtu anamsubiri mwenzie. Mchague mmoja, "wewe kaka wa shati la bluu, nisaidie, simjui huyu mtu."

Njia_Panda:

@siri_ya_moyo pole sana, umenisemea na mimi, hata mimi nilipokabwa sikutoa sauti nikaona aibu kumwambia mke wangu.

Wakuu la mwisho kabisa, binti yangu wa miaka 7 huwa natembea naye jioni. Nikiwa naye siwezi kukimbia hivyo mnavyosema.

tulia_nikueleze:

Kaka mi nina wawili. Tuna neno letu, siliandiki hapa, nikilitamka hawaulizi kwanini, wanaacha kila kitu wanakuja kushika nguo yangu upande niliowaonyesha, upande wa mkono nisioutumia ili wenye nguvu ubaki wazi. Tulilifanyia mazoezi sebuleni kama mchezo mpaka likazoeleka. Na mtoto mtembeze upande wa ukutani, wewe upande wa barabara, begi bega la ndani. Lingine ukiwa na mtoto usisubiri dalili mbili kama nilivyosema mwanzo, moja inatosha, maana wewe mwendo wako sasa ni mwendo wake. Mpime leo mkiwa mnacheza, mwambie akimbie kutoka mlangoni mpaka getini uone anatumia muda gani, ndo utajua unatakiwa kuvuka barabara mapema kiasi gani.